Jumamosi za Kutazama Nyumba

Mume wangu Melkiori alianza kutazama nyumba za watu mwezi wa pili, wakati akiba yetu yote isingetosha kununua hata choo cha nyumba hizo.

Nasema kutazama, si kununua. Sisi ni wapangaji wa vyumba viwili Mughanga, Singida mjini. Mimi nafundisha darasa la nne, yeye ni fundi pikipiki karibu na stendi ya zamani. Tulikuwa tumekubaliana, tena kwa kukaa chini na kuongea vizuri, kwamba nyumba ni jambo la miaka mitano ijayo. Tungeanza na kiwanja, kisha msingi, kisha tungepandisha kidogo kidogo kama binadamu wengine. Nilidhani tumeelewana. Lakini Jumamosi moja asubuhi nilimkuta amevaa koti lake la harusi, viatu vinang'aa, anajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Unaenda msibani?" nikamuuliza.

"Tunaenda. Kuna nyumba Utemini inauzwa. Vyumba vinne, choo ndani."

"Inauzwa kwa nani?"

"Kwa mwenye hela."

"Sasa sisi tunaenda kufanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kutazama, Mama Nathan. Kutazama ni bure."

Nilikuwa na madaftari sitini na nane ya kusahihisha mezani. Nilimwambia aende peke yake. Akasema mwanamume akienda peke yake wenye nyumba humdharau, wanadhani ni tapeli au ni dalali mwingine, ila akifuatana na mkewe wanaona hapa kuna familia. Nikambembeleza mwanangu abaki kwa jirani yetu Anifa, nikavaa, nikaenda. Hilo ndilo kosa langu, na silikatai. Ukimfuata mtu mara ya kwanza, ya pili anakuwa hakuulizi tena.

Aliyekuwa akitutembeza ni dalali mmoja anaitwa Ahmadi, mtu mzima mwenye adabu, wa zile familia za wafanyabiashara wa mjini. Mimi alikuwa akiniita Shemeji Mwalimu. Mwanzoni alitupokea kwa tabasamu na kutufungulia mageti kama mawaziri. Kufika mwezi wa nne tabasamu lilikuwa limepungua. Kufika wa tano alikuwa akimwona Melkiori anakuja, anashusha pumzi kwanza ndipo anamsalimia.

Simlaumu. Kwenye nyumba za watu Melkiori alikuwa hajui kuona haya. Alikuwa anagonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alikuwa anafungua kila bomba. Alikuwa anavuta maji ya choo, mara mbili, kisha anasimama kusikiliza tangi la choo likijaa. Aliwahi kupanda darini kwenye nyumba ya mama mjane kule Minga, akashuka na buibui kwenye nywele, akamwambia yule mama kwamba mbao zake zina dumuzi. Yule mama alikuwa ametuchemshia chai na kutukaangia karanga. Kule Misuna tulikaa saa mbili nzima kwa mzee mmoja mstaafu, Melkiori anauliza habari za shimo la maji machafu, limechimbwa futi ngapi, limejengewa kwa tofali au kwa mawe, hadi mzee akamwambia, "Kijana, mimi nilipooa sikuulizwa hata nusu ya maswali haya."

Na kila nyumba alikuwa anaigawa. "Nathan atalala huku. Mama akija kutoka Mgori atalala hapa, karibu na choo. Hapa wewe utaweka meza yako ya kusahihishia." Alikuwa akisema mbele ya wenyewe, kwa sauti, nao wanaanza kuamini. Wanaanza kuniangalia mimi kwa matumaini. Nami natabasamu kama mjinga, huku nikijua kwamba siku ya tatu watapiga simu na Melkiori atasema, "Bado tunajadiliana na familia."

Familia ni mimi, na mimi nilikuwa sijadiliani na mtu.

Tuligombana mara nyingi. Nilimwambia tunawapotezea watu muda. Nilimwambia viatu vyangu vimeisha soli kwa kupanda na kushuka mawe ya Singida nikitafuta nyumba nisiyoitafuta. Yeye alikuwa na jibu moja tu. "Ukisubiri mpaka upate hela ndipo uanze kutazama, utauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi najifunza sasa. Siku hela ikija, hakuna wa kunidanganya."

"Na hiyo siku ikija baada ya miaka mitano, nyumba hizi zitakuwa zinakusubiri?"

"Siangalii nyumba hizi. Naangalia nyumba."

Ukiolewa na mtu wa namna hiyo, utamjibu nini?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita Ahmadi akampigia simu. Kuna nyumba Mandewa, nzuri, bei ya haraka. Ila mwenyewe anataka wateja waje siku ya Jumamosi tu, tena asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Siku nyingine hataki. Melkiori hakuona ajabu yoyote. Mimi niliona, lakini nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kuuliza chochote kuhusu nyumba yoyote duniani.

Ahmadi alitufikisha, akatutambulisha kwa mwenye nyumba, kisha akaaga kwa sababu alikuwa na mteja mwingine. "Mteja wa kweli," alisema, akinitupia jicho mimi, si Melkiori.

Mwenye nyumba aliitwa Simeoni. Mtu mrefu, mkarimu wa maneno, ila macho yake yalikuwa yanakwenda barabarani kila baada ya muda. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Vyumba vitatu, bati jekundu, madirisha makubwa yenye nyavu, nyuma kuna jabali pana lililolala kama ng'ombe, wanaanikia mahindi juu yake. Pembeni kulikuwa na tangi jeusi la lita elfu mbili juu ya mnara wa tofali. Melkiori aliingia, akatazama sebule, akanyamaza. Hakugonga ukuta. Hiyo ikanitisha kuliko maswali yake yote. Alikuwa ameipenda.

Kisha maswali yakarudi, na yalikuwa mengi kuliko siku zote. Alihesabu bati. Akapima vyumba kwa hatua, akaona hatua hazitoshi, akatoa futi ya chuma mfukoni. Simeoni akamtajia bei, akamtajia mwaka nyumba ilipojengwa, akasema karatasi zote zipo na mwenyekiti wa mtaa hana shida. Saa tano ikafika. Simeoni akaanza kusema, "Basi ndugu zangu, mtanipigia." Melkiori alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni, anaangalia bomba.

"Baba Nathan, twende."

"Dakika moja."

"Ndugu yangu, nina safari," Simeoni akasema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Dakika moja tu, mzee."

Hapo geti likalia.

Aliingia mwanamke wa umri wangu, amevaa gauni jeupe la ibada, Biblia mkononi, mtoto mgongoni. Alipotuona alisita kidogo, kisha uso ukafunguka. "Sabato njema, wageni! Karibuni sana. Mimi ni Lea. Huyu mtoto amechemka, nimeshindwa kukaa mpaka mwisho wa ibada; wakubwa wake nimewaacha kanisani. Baba, mbona hukuniambia tuna wageni?"

Simeoni akameza mate. "Ni wenzangu wa kwenye kikundi. Walikuwa wanapita, wakasema wanisalimie."

Melkiori akatoka jikoni, futi mkononi. Akamtazama Simeoni, akanitazama mimi. Nilimfanyia ishara ya macho ambayo hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeielewa: tunaondoka. Yeye akakunja futi, akaitia mfukoni, akamsalimia Lea, na Lea alipomwambia akae, akakaa.

Akakaa, jamani.

Lea alimpa mtoto dawa, akamlaza, akasema chakula alipika jana, ni cha kupasha tu, hatuwezi kuondoka bila kula. Nikamfuata jikoni kwa kisingizio cha kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Labda anajua, nilijiambia. Labda mumewe anaona aibu tu mbele za watu kwamba wanauza.

"Umejenga jiko zuri," nikamwambia, baada ya kujitambulisha kwamba ni mwalimu na kumtajia shule yangu.

Akacheka kwa furaha. "Hili jiko ni la vitunguu, dada. Misimu mitatu nimelima kwetu Mkalama, narudi huku na hela nimeifunga kiunoni. Sinki lile nimelibeba mwenyewe kwenye bodaboda, nimelipakata kama mtoto. Mwezi wa nane Mungu akipenda naweka kabati pale, la kutoka chini mpaka juu."

Mwezi wa nane. Mtu anayeuza nyumba hapangi kabati la mwezi wa nane.

Nilisimama na sahani mkononi. Nimwambie? Mimi ni nani? Mgeni wa nusu saa, nimeingia kwake kwa uongo, sasa nimvunjie ndoa yake siku ya ibada, mtoto ana homa? Nikasema nitaondoka, nitafikiri, nitamtafuta kesho. Nilijipangia vizuri. Nilikuwa nimesahau kwamba nimekuja na Melkiori.

Tulikaa mezani. Wali na kuku wa kienyeji, mchuzi umekolea. Lea akaomba, tukasema amina. Simeoni alikuwa hali, anasogeza wali tu. Melkiori alikuwa na paja la kuku mkononi, amestarehe, anatazama dirishani. Alikuwa amesahau alipo. Alikuwa yuko kwake.

"Na lile tangi," akasema, "mtatuachia au mtahama nalo?"

Kijiko cha Lea kilibaki katikati ya sahani na mdomo.

"Tuhame nalo kwenda wapi?" akauliza.

"Anatania," Simeoni akasema haraka. "Huyu bwana ana utani sana."

Melkiori alikuwa ameshatambua. Akaweka paja la kuku kwenye sahani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Lea hakumtazama yeye wala mumewe. Akanigeukia mimi.

"Dada, umeniambia wewe ni mwalimu. Niambie wewe. Mmekuja kufanya nini?"

"Tumeletwa na dalali," nikasema. "Nyumba inauzwa. Tuliambiwa tuje kabla ya saa tano."

Akarudia polepole, "Kabla ya saa tano." Alikuwa anahesabu saa za ibada.

Kisha wakahamia Kinyiramba, wote wawili kwa pamoja. Mama yangu ni Mnyiramba wa Kinampanda, kwa hiyo nilisikia ambayo singependa kusikia. Kuna rafiki wa Simeoni yuko machimboni, amepata shimo la dhahabu, anataka mwenzake wa kuweka mtaji. Kuna mnunuzi kutoka Manyoni anakuja Jumatano kumaliza. Sisi tulikuwa wa kumpandishia bei tu. Lea na watoto wangekaa kwa mama yake kwa muda, mpaka dhahabu itoke. Lea akamuuliza muda ni miezi mingapi. Simeoni akainuka, akatoka nje, akabamiza geti.

Tukabaki watatu na kuku mezani. Lea hakulia. Alijifuta mikono kwenye gauni lake jeupe, akatutazama.

"Na nyie mngeinunua?"

"Hapana," nikasema. "Hatuna hela."

"Hamna hela ya kutosha?"

"Hatuna kabisa, mama."

"Mlipotoka nyumbani leo asubuhi mlijua hamna?"

"Tulijua."

"Sasa mlikuja kwangu kufanya nini?"

Nilingoja Melkiori ajibu. Miezi mitano alikuwa na majibu ya kila kitu. Alikuwa anatazama magoti yake. "Kutazama," akasema hatimaye, na neno hilo lilitoka dogo, likaanguka palepale mezani.

Njia nzima kurudi Mughanga nilisema. Upepo wa Singida ulikuwa unanijaza vumbi mdomoni, nami nilikuwa nalitema na kuendelea kusema. Nilimwambia kuhusu koti la harusi, kuhusu karanga za mjane, kuhusu futi. Nilimwambia yeye na Simeoni wana ugonjwa mmoja, kila mmoja anakaa kwenye nyumba ambayo haipo. Tulipofika akavua koti, akalitundika, akaenda kumchukua mtoto kwa Anifa.

Jumatatu Lea akanifuata shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa amelala kwa dada yake. Alisema anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa jioni ile kuzuia mauzo, lakini Simeoni atakana kila kitu, atasema mkewe amesikia maneno ya mitaani. "Nahitaji watu walioonyeshwa nyumba," akasema. "Hata kama hamna hela."

Nilipomwambia Melkiori, akaanza kujikuna kichwa. Hayo ni mambo ya mtu na mkewe. Ahmadi atakasirika. Simeoni ni mtu mrefu.

"Umevuta maji ya choo chake," nikamwambia. "Umelala chini ya sinki lake. Umekula kuku wake. Utaenda."

Akaenda.

Mwenyekiti, mzee Alphonce, alitusikiliza amefumba macho. Simeoni, kama Lea alivyotabiri, alikana. Hawa ni wageni tu, walipita kusalimia. Mwenyekiti akafumbua macho, akamwuliza Melkiori, "Wewe ulionyeshwa nini?"

Hapo mume wangu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na faida. Akataja bei. Akataja bati arobaini na sita. Akataja chumba cha kwanza futi kumi na moja kwa kumi na mbili, cha pili futi kumi kwa kumi, na ukuta wa kaskazini wenye ufa mdogo juu ya linta ya dirisha. Akasema bomba la sinki linavuja na nati yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaeleza shimo la maji machafu. Alikuwa anaanza kueleza mnara wa tangi mwenyekiti alipoinua mkono.

"Simeoni, mgeni wa kusalimia hupimishwa vyumba?"

Simeoni akainamisha kichwa.

Mwenyekiti akaandika kwamba hataweka mhuri wala sahihi kwenye mauzo yoyote bila Lea kuwepo na kuridhia, na akamwelekeza Lea ofisi ya ardhi akaweke zuio. Yule mtu wa Manyoni alikuja Jumatano, akaambiwa, akageuza gari. Simeoni aliuza pikipiki yake na kwenda machimboni hivyohivyo. Mpaka leo sijasikia kama dhahabu imetoka. Lea yupo nyumbani kwake na watoto. Sikumuuliza kama anamkumbuka mumewe, naye hakuniambia.

Ahmadi alinipigia simu akiwa na hasira. "Shemeji Mwalimu, mmeniharibia jina. Mimi nilijua mkewe ameridhia." Nilimwamini nusu. Akaongeza kwamba mume wangu asimpigie tena, mchana wala jioni, hata kama ameokota gunia la hela barabarani. Hilo nilimshukuru kwa dhati.

Jumamosi tatu Melkiori alikaa nyumbani. Alifua. Alimfundisha Nathan kuziba pancha. Ya pili aliuliza bei ya kiwanja kule Unyambwa, na mimi nikajibu kwa heshima, kwa sababu kiwanja tulikuwa tumekubaliana. Nilianza kusahihisha madaftari yangu kwa amani, nikajisemea labda aibu nayo ni mwalimu.

Ya nne tulikwenda Mandewa kwa miguu yetu wote watatu, kwa sababu Lea alikuwa amenialika nikachukue mbegu za vitunguu. Nikaona ukuta wake wa mbele kutoka mbali. Alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mtoto: NYUMBA HII HAIUZWI. Ile "Z" ilikuwa imegeuka kinyume.

Nilisimama. Nikamtazama Melkiori. Yeye naye alikuwa amesimama, anatazama maandishi, uso mzito. Nikasema moyoni, sasa ameona.

Akasogea karibu na ukuta. Akakwangua herufi ya kwanza kwa ukucha, akanusa.

"Hii ni rangi ya maji," akasema. "Mvua ya kwanza tu itaondoka yote. Alitakiwa apake prima kwanza, halafu atumie rangi ya mafuta. Na ukuta wenyewe haujapigwa lipu vizuri hapa chini, angalia..."

Nikamshika Nathan mkono, nikagonga geti.